Kupaki gari mtaani London bila kupigwa faini: mwongozo kamili

Malalamiko ni yale yale kila wiki. "Nimelipa kwa simu na bado nimepigwa faini." "Magari mengine yalikuwa yamepaki pale pale." "Ilikuwa Jumapili, nikajua ni bure." Wengi wanaosema hivi si madereva wabovu. Wamezoea Dar es Salaam au Nairobi, ambako mtu wa maegesho anakufuata kwenye gari na mnazungumza. London huna wa kuzungumza naye. Mkaguzi akishapiga picha na kuchapa karatasi, kwa kawaida hawezi kuifuta hata ukimkuta bado amesimama kando ya gari lako.

Mwongozo huu unahusu barabara za umma. London ina halmashauri 32, ukiongeza na City of London, na kila moja inajipangia saa, bei na mipaka ya maeneo yake. Kwa hiyo ulichojifunza Newham huenda kisikufae Camden, na wakati mwingine hakikufai hata mtaa wa pili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Simu yenye chaji, na programu ya kulipia ambayo tayari umejisajili. RingGo na PayByPhone ndizo utakazokutana nazo zaidi. Jisajili nyumbani, kwa utulivu, si ukiwa umesimama kwenye mstari wa njano na gari nyuma yako linapiga honi.
- Kadi ya benki iliyounganishwa na programu hiyo.
- Namba ya gari unaloendesha leo, hasa kama unatumia magari zaidi ya moja.
- Cheti cha usajili wa gari, yaani V5C, chenye anwani unayoishi sasa. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya mwisho.
- Dakika tano za ziada. Wanaopigwa faini mara nyingi ni wale waliofika wakiwa wamechelewa.

## Hatua ya 1: Jua umeingia eneo gani

Sehemu kubwa ya London ya ndani imegawanywa katika maeneo ya maegesho yanayodhibitiwa, ambayo madereva huyaita CPZ. Kwenye kila mlango wa eneo kuna kibao chenye duara la buluu lililozungushiwa wekundu na kukatwa na mstari mwekundu. Chini yake utasoma "Controlled zone", herufi za eneo, siku na saa.

Kibao hicho hakirudiwi ndani, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mstari mmoja wa njano ulio ndani ya eneo unafuata saa za kibao cha mlangoni, hata kama pembeni yake hakuna kibao chochote. Ukiwa umekipita ukiongea na abiria wako, utasimama mtaani ukijiuliza sheria iko wapi, kumbe umeiacha nyuma mita mia nne.

Usidanganywe pia na utulivu wa mtaa. Karibu na vituo vya treni kuna maeneo yanayodhibitiwa kwa muda wa saa moja au mbili tu katikati ya siku. Lengo ni kuwazuia wanaoacha magari asubuhi, wanapanda treni kwenda kazini na kurudi jioni. Wewe unafika saa mbili asubuhi, unaona nafasi tele, unapaki. Mkaguzi anakuja saa nne.

Kuna mtego mwingine: kibao cha "Permit holders only past this point". Mtaa wa namna hii unaweza kuwa hauna mistari wala nafasi zilizochorwa, unaonekana huru kabisa, lakini ukishavuka kibao hicho kila upande ni wa wenye vibali katika saa zilizoandikwa.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "Niko eneo D, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:30 asubuhi hadi 12:30 jioni." Kama huwezi, rudi kwenye mlango wa eneo ukasome.

## Hatua ya 2: Soma mstari ulio chini ya gari

*Mstari mmoja wa njano:* usipaki katika saa za eneo, au saa za kibao kidogo cha njano kilicho karibu kama kipo. Nje ya saa hizo unaruhusiwa.

*Mistari miwili ya njano:* usipaki wakati wowote, usiku na mchana, sikukuu na siku za kawaida. Haihitaji kibao.

*Vistari vifupi vya njano juu ya ukingo wa barabara:* hivi vinahusu kupakia na kupakua mizigo. Kimoja kimoja maana yake upakiaji umezuiwa katika saa za kibao cheupe kilicho karibu. Viwili viwili maana yake umezuiwa muda wote. Pasipo na vistari hivi, kupakia mzigo juu ya mstari wa njano kwa kawaida kunaruhusiwa, lakini iwe kazi inayoonekana na inayoendelea. Madereva wa kupeleka vyakula, mnisikie: kukaa kwenye gari ukisubiri biriani iive si kupakia.

*Mistari myekundu:* hizi ni barabara kuu, nyingi zikiwa chini ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Hapa hata kusimama tu hairuhusiwi, isipokuwa kwenye nafasi zilizochorwa na kwa saa za kibao chake. Ni kama asilimia 5 tu ya barabara za jiji, lakini zinabeba hadi asilimia 30 ya magari, na kamera hazisinzii.

*Zigizaga nyeupe* karibu na kivuko cha miguu na *zigizaga za njano* mbele ya shule: usisimame, hata kumshusha mtoto. Kwenye za shule, kamera inaweza kukutumia faini kwa posta bila wewe kumwona mtu.

Wenye Blue Badge, yaani kadi ya ulemavu, kwa kawaida wanaweza kukaa kwa muda usiozidi saa 3 kwenye mistari ya njano isiyozuia upakiaji, saa yao ya karatasi ya kuonyesha walipofika ikionekana. Utaratibu huo haufanyi kazi City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden, ambako wana taratibu zao. Wengi huwapeleka wazazi wao hospitali katikati ya jiji wakidhani kadi inatosha kila mahali.

## Hatua ya 3: Soma kibao cha nafasi, mstari kwa mstari

Hapa ndipo penye faini nyingi, basi twende polepole. Shuka kwenye gari. Kibao hakisomeki kutoka kwenye usukani.

Tuseme kimeandikwa hivi:

> Mon – Fri
> 8.30 am – 6.30 pm
> Permit holders D
> or Pay by phone
> Max stay 2 hours
> No return within 1 hour

Mstari wa kwanza ni siku: Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili nafasi hii ni ya yeyote, bure. Lakini kibao kisichotaja siku yoyote kinafanya kazi kila siku, Jumapili ikiwemo. "Jumapili ni bure" ni kweli pale tu kibao kinaposema hivyo, na saa za halmashauri ya Westminster si za Waltham Forest.

Mstari wa pili ni saa 2:30 asubuhi hadi 12:30 jioni. Ukifika saa 11:30 jioni, unalipia saa moja tu, kisha unalala hapo bure hadi saa 2:30 asubuhi. Ikifika hiyo, gari liwe limeondoka au limelipiwa. Asubuhi ndiyo huwanasa waliokuja kulala kwa ndugu.

Mstari wa tatu na wa nne vinasema ni nani anayeruhusiwa: wenye kibali cha eneo D, *au* anayelipa kwa simu. Neno "or" ndilo linalokupa ruhusa. Kibao kikisema "Permit holders D" peke yake, malipo ya simu hayasaidii kitu, hata programu ikikubali kupokea pesa zako kwa kutumia namba ya nafasi ya jirani. Vilevile kibali cha eneo C hakifai D, hata kama nyumba yako iko ng'ambo ya barabara.

Mstari wa tano: anayelipa asizidishe saa 2. Wa sita: ukiondoka usirudi ndani ya saa 1. Kusogeza gari kidogo na kulipa upya hakukusaidii.

Sasa angalia mishale. Nguzo moja inaweza kuwa na vibao viwili, mmoja unaelekea kushoto na mwingine kulia, kila kimoja na nafasi yake. Tazama chini mahali nafasi moja inapoishia na nyingine kuanza. Gari likikaa nusu huku na nusu kule, unahesabiwa kwa sheria zote mbili.

Usisome magari ya wenzako. Lile la mbele lina kibali cha elektroniki kisichoonekana kwenye kioo, kwa sababu halmashauri nyingi zimeacha vibali vya karatasi. La nyuma ni la daktari. La tatu litapigwa faini pamoja na lako.

Umefanikiwa ukiweza kujibu: ni nani anayeruhusiwa hapa, sasa hivi, na mpaka saa ngapi?

## Hatua ya 4: Tafuta tangazo la njano

Nafasi halali inaweza kusimamishwa kwa siku chache kwa ajili ya mtu anayehama, ujenzi au kupiga picha za filamu. Halmashauri inatundika kibao cha njano juu ya nguzo, kikionyesha tarehe, saa, na mara nyingi namba za nyumba: "outside nos. 12–16". Soma hizo namba za nyumba. Wengi huona kibao, huona kiko mbali na gari, wakadhani hakiwahusu.

Hapa kibali hakikulindi, wala malipo. Gari linaweza kuvutwa, na utalipa faini, gharama ya kulivuta na ya kila siku linayokaa kule. Ukikuta gari halipo, usikimbilie kuripoti wizi. Tafuta kwanza kwenye TRACE, huduma ya London ya kuulizia magari yaliyovutwa.

Kama unasafiri wiki mbili, mwachie jirani funguo. Kibao kinaweza kuwekwa baada ya wewe kuondoka.

Halafu kuna siku za mechi na matamasha. Karibu na uwanja wa Wembley, uwanja wa Arsenal kule Islington na ule wa Tottenham, saa za maegesho huongezwa siku hizo, na vibao husema "Event days" au "Match days". Kabla ya kwenda kumtembelea shangazi Wembley siku ya Jumamosi, angalia ratiba ya uwanja.

Sikukuu za kitaifa zinazoangukia Jumatatu? Kibao cha Jumatatu hadi Ijumaa kinaendelea kufanya kazi isipokuwa halmashauri husika imetangaza kulegeza. Tazama tovuti yao.

## Hatua ya 5: Lipa, kisha uhakiki ulicholipia

Fungua programu na uandike namba ya mahali iliyo kwenye kibao. Usiiachie simu ikuchagulie kwa kukisia ulipo: mtaa wa pili unaweza kuwa wa halmashauri nyingine, na ukilipa huko, hapa hujalipa.

Kisha gari. Programu inakumbuka gari la mwisho. Anayeazima gari la mumewe akalipa kwa namba ya gari lake mwenyewe amelipia gari lililo nyumbani.

Angalia O na 0. Kwenye namba za Uingereza za kuanzia 2001, herufi mbili zinatangulia, zinafuata tarakimu mbili, kisha herufi tatu. Kwa hiyo duara likiwa nafasi ya tatu au ya nne ni sifuri; kwingineko ni herufi.

Usiskani msimbo wa mraba (QR) uliobandikwa kwenye mashine ya kulipia. Matapeli hubandika vyao juu, na ukurasa unaofunguka unachukua kadi yako. Tumia programu uliyoipakua mwenyewe.

Ukimaliza, usiweke simu mfukoni. Skrini ya mwisho ionyeshe vitu vinne: mahali, namba ya gari, saa ya kuanza, saa ya kuisha. Ukiona "inashughulikiwa", bado hujalipa. Na usiingie dukani kwanza halafu ulipe ndani. Lipa ukiwa kando ya gari.

Kuhusu dakika 10 ambazo kila mtu anazitaja: ni kweli. Tangu Aprili 2015, Uingereza inakupa dakika 10 baada ya muda halali kuisha kwenye nafasi iliyochorwa. Lakini ni za mwisho, si za mwanzo, na hazihusu mistari ya njano wala nafasi ambayo hukuwa na haki nayo tangu mwanzo. Usizihesabu kama sehemu ya muda wako. Saa ya mkaguzi ndiyo itakayotumika.

## Hatua ya 6: Simamisha gari vizuri, piga picha

Magurudumu yote yawe ndani ya mistari. Usizidi sentimita 50 kutoka ukingoni. Usipande njia ya waendao kwa miguu hata kwa gurudumu moja: London imekataza hilo tangu 1974, isipokuwa pale kibao na alama zinaporuhusu. Usizibe mahali ukingo ulipoteremshwa kwa ajili ya viti vya magurudumu au geti la mtu.

Piga picha nne: kibao kikisomeka, gari na kibao pamoja, magurudumu na mistari, na mtaa mzima kwa mbali. Zitakuokoa kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Kama unaishi hapo, chukua kibali

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya halmashauri. Utatakiwa kuthibitisha anwani, kwa mkataba wa nyumba au bili ya kodi ya halmashauri, na kuonyesha V5C iliyosajiliwa anwani hiyo hiyo. Gari la kampuni linahitaji barua ya mwajiri. Halmashauri nyingi zinatoza kulingana na moshi wa gari, kwa hiyo dizeli ya zamani inalipa zaidi.

Onyo kubwa kwa anayetafuta fleti mpya: majengo mengi ya miaka ya karibuni yalipewa ruhusa ya ujenzi kwa sharti kwamba wakazi wake hawapewi kibali cha mtaani. Dalali hatakuambia. Piga simu halmashauri ukiwa na anwani kamili kabla ya kusaini mkataba. Ukishahamia, hakuna rufaa itakayokupa kibali.

Kibali kinakupa haki ya kutafuta nafasi, hakikuwekei nafasi. Wageni wako wachukulie vocha za wageni. Kama kazi yako ni kuhudumia wazee majumbani, uliza kama kuna kibali cha watoa huduma, na mbane mwajiri wako akiombe.

## Hatua ya 8: Ukikuta bahasha kwenye kioo

Kwanza tambua ni ya nani. Faini ya halmashauri au TfL inaitwa Penalty Charge Notice. Ile ya supamaketi au kampuni binafsi huitwa Parking Charge Notice. Kifupi chao ni kile kile, PCN, na bahasha zinaweza kufanana. Ya kampuni binafsi ina utaratibu wake wa rufaa, ulioandikwa nyuma ya karatasi. Yanayofuata hapa ni ya halmashauri.

Kiwango cha juu London tangu Aprili 2025 ni pauni 160. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ikija kwa posta kutokana na kamera, siku ni 21.

Amua mapema: *kulipa au kupinga*. Ukilipa, kesi imefungwa. Huwezi kulipa halafu upinge.

Ukipinga, andika kwa halmashauri ndani ya siku 14 hizo. Nyingi huirudisha ile nusu kama wakikataa hoja yako, mradi uliandika kwa wakati. Eleza kwa ufupi kilichotokea, taja kosa lililoandikwa kwenye karatasi, ambatanisha picha na risiti. Hoja zenye nguvu ni kibao kilichofichwa au kufutika, malipo sahihi yaliyopo kwenye kumbukumbu, upakiaji wenye ushahidi, au taarifa zisizo sahihi kwenye karatasi yenyewe. "Nilikuwa dakika tano tu" haijawahi kumsaidia mtu.

Wakikataa na usipolipa, mwenye gari aliyesajiliwa atatumiwa Notice to Owner, yaani barua rasmi ya kudai faini hiyo. Una siku 28 za kujibu rasmi, nao wana siku 56 za kukujibu. Wakikataa tena, una siku 28 za kwenda London Tribunals, ambako waamuzi hawaajiriwi na halmashauri na rufaa ni bure. Watu wetu wengi huishia barua ya kwanza ya kukataliwa. Nionavyo mimi, mwenye picha nzuri anapaswa kwenda mpaka hapo.

Usipofanya lolote, deni linaongezeka kwa asilimia 50, linasajiliwa kwenye Traffic Enforcement Centre, kituo cha mahakama cha madeni ya faini hizi, kisha madalali wa mahakama wanakuja mlangoni na gharama zao juu.

Hapa ndipo V5C inaporudi. Barua zote huenda kwenye anwani iliyoandikwa humo. Ukihama bila kuwaambia DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, unaweza kutozwa hadi pauni 1,000, na faini ya maegesho itakua kimyakimya kwenye nyumba uliyoiacha. Ikitokea umesikia habari mara ya kwanza kutoka kwa madalali, na ni kweli hukupokea Notice to Owner, jaza fomu TE9, na TE7 ya kuomba kuongezewa muda kama muda umepita, uzitume Traffic Enforcement Centre, kisha uwajulishe madalali kwa maandishi siku hiyo hiyo kwamba umezituma. TE9 ni tamko la kweli mbele ya sheria, kwa hiyo usijaze kama barua uliipata ukaitupa kabatini.